Kocha Ameondoka Kabla ya Msimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Wachezaji wa Futiboli ya Kimarekani katika Shule za Sekondari za Texas

Kila mwaka, kati ya Desemba na mwanzoni mwa Agosti, shule nyingi za sekondari za Texas hubadilisha makocha wa futiboli ya Kimarekani, na mabadiliko hayo huzigusa pia familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Houston, Dallas, Fort Worth, Abilene na Amarillo, nyingi zikiwa zimetoka Kongo kwa kupitia kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda au Burundi. Vijana wao, ambao wengi walikua wakicheza soka, wamejikuta wamevaa helmeti na pedi za mabega, na wazazi wamejikuta wakipokea barua za shule zinazotangaza kwamba kocha waliyeanza kumzoea hayupo tena. Majibu haya yanahusu shule za umma zilizo chini ya University Interscholastic League, inayojulikana kwa kifupi kama UIL, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na ndiyo inayosimamia mashindano ya shule za umma katika jimbo hilo.

Kwa nini makocha wengi huondoka wakati msimu unakaribia, badala ya mara tu msimu unapomalizika?

Wengi huondoka mapema, kati ya Desemba na Februari, lakini wazazi huwakumbuka zaidi wale wanaoondoka kwa kuchelewa kwa sababu ndio wanaoacha pengo kubwa. Sababu kubwa ya kuchelewa huko ni kalenda ya ajira ya walimu. Kanuni za UIL hutaka kocha wa futiboli katika shule ya umma awe mwajiriwa wa muda wote wa wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo, isipokuwa walimu wastaafu wanaotimiza masharti maalumu. Kwa hiyo makocha walio wengi, hasa wasaidizi, hufundisha pia darasani, na wamefungwa na mkataba wa mwalimu. Sheria ya elimu ya Texas humruhusu mwalimu mwenye mkataba kujiuzulu bila adhabu mradi afanye hivyo siku 45 au zaidi kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Ikiwa shule inafunguliwa tarehe 12 Agosti, siku hiyo ya mwisho ni tarehe 28 Juni. Anayeondoka baada ya hapo bila ridhaa ya wilaya yake anaweza kushtakiwa mbele ya bodi ya vyeti vya walimu ya jimbo, na adhabu inaweza kufikia kusimamishwa kwa cheti chake. Ndiyo maana wiki za mwisho za Juni huwa na barua nyingi za kujiuzulu, na mzazi asiyejua tarehe hiyo hudhani kwamba timu imesambaratika ghafla.

Sababu ya pili ni kwamba nafasi hufuatana. Shule kubwa ya daraja la 6A, lililo la juu kabisa, ikimpoteza kocha wake, humchukua kocha wa shule ya 5A, ile ya 5A nayo ikaenda kumtafuta wa 4A, na kila mmoja anayehama huondoka na wasaidizi wawili au watatu anaowaamini. Nafasi iliyofunguka Januari katika jiji moja inaweza kuishia, mwezi wa Juni, kwa kumwondoa kocha wa wanafunzi wa darasa la tisa katika mji mdogo ambao hauna uhusiano wowote na jiji hilo. Pia mwezi wa Februari wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili UIL hupanga upya madaraja na makundi ya shule kulingana na idadi ya wanafunzi, na shule iliyopandishwa daraja au kuwekwa kundi moja na wapinzani wakali huanza kufikiria upya kuhusu kocha wake, kama vile kocha naye anavyofikiria upya kuhusu shule.

Fedha nazo zina nafasi yake. Katika shule kubwa, mshahara wa kocha mkuu unaozidi dola 100,000 kwa mwaka si jambo la ajabu, na mtu mwenye familia anapopata nafasi ya namna hiyo si haki kumwita msaliti.

Nani anayemwajiri kocha mpya, na je, mzazi ana sauti yoyote?

Kwa kawaida mkurugenzi wa michezo wa wilaya, mkuu wa shule na msimamizi mkuu wa wilaya ndio wanaowahoji waombaji, kisha jina hupelekwa kwenye bodi ya wilaya ya shule ili lipigiwe kura. Bodi hiyo kwa kawaida huchaguliwa na wakazi, na vikao vyake viko wazi kwa umma. Wajumbe wanaruhusiwa kujifungia kuzungumzia masuala ya wafanyakazi, lakini kura yenyewe lazima ipigwe hadharani, na ajenda hutangazwa siku kadhaa kabla ya kikao. Mwananchi ana haki ya kuzungumza kuhusu jambo lililomo kwenye ajenda.

Ninawasihi wazazi wetu wahudhurie vikao hivyo hata kama hawatasema neno. Familia za wahamiaji ni nyingi katika timu na ni chache mno katika ukumbi ambamo mambo ya timu huamuliwa, na wajumbe wa bodi hutazama ni nani aliyefika.

Kocha mkuu akiondoka, makocha wasaidizi hubaki?

Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yangu, wazazi wanapaswa kuliuliza kwanza, na ndilo wanalolisahau. Kocha mkuu wa shule kubwa ya Texas ana wasaidizi wanaoweza kufika 10 au zaidi. Yeye hupanga, husimamia, huzungumza na wanahabari na kujibu maswali ya bodi. Anayemfundisha kijana wako jinsi ya kuweka mguu, anayejua kwamba goti lake la kushoto liliumia mwaka jana, anayemtafuta darasani akikosa mazoezi na anayeona uso wake umebadilika siku kuna msiba nyumbani, ni kocha wa nafasi anayocheza. Kocha mkuu anaweza kuondoka na kijana wako asihisi tofauti kubwa ikiwa msaidizi huyo amebaki. Lakini jina la kocha mkuu likiwa lilelile, na msaidizi huyo ameondoka kimyakimya tarehe 20 Juni, kijana amempoteza mtu wake bila tangazo lolote.

Kwa hiyo mabadiliko yanapotangazwa, tafuta majina mawili: mtu atakayemfundisha kijana wako nafasi yake, na mtaalamu wa tiba ya wanamichezo wa shule, ambaye huajiriwa kwa utaratibu tofauti na ambaye mara nyingi hubaki hata makocha wote wakibadilika. Huyu wa pili ndiye mwenye kumbukumbu za majeraha.

Kuna mifano inayoonyesha kwamba mabadiliko yanaweza kwenda vizuri?

Ipo. Shule ya Westlake ya Austin ilitwaa ubingwa wa jimbo katika daraja la 6A kwa misimu mitatu mfululizo, 2019, 2020 na 2021, chini ya kocha Todd Dodge. Alipostaafu baada ya ubingwa wa tatu, nafasi yake ilichukuliwa na Tony Salazar, aliyekuwa msaidizi wake wa ulinzi. Lugha ya timu haikubadilika, wachezaji walimjua kocha mpya kwa miaka, na timu iliendelea kushinda.

Allen, shule kubwa iliyo kaskazini ya Dallas, ilipita njia nyingine. Hiyo ndiyo shule iliyofungua mwaka 2012 uwanja wa watu 18,000 uliogharimu takriban dola milioni 60. Mwaka 2021 ilimwajiri Chad Morris, aliyekuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Arkansas, naye akaondoka baada ya msimu mmoja tu. Mchezaji aliyekuwa darasa la kumi mwaka 2020 na akamaliza shule hapo alifundishwa na makocha wakuu watatu katika misimu mitatu. Uwanja wa mamilioni haukumkinga na hilo, na sioni sababu ya mzazi kuamini kwamba shule tajiri ni shule tulivu.

Mwanangu alikuwa anaanza mechi mwaka jana. Je, atapoteza nafasi yake?

Anaweza kuipoteza, na anaweza kupata nyingine iliyo bora. Jibu la kweli linategemea zaidi mfumo wa kocha mpya kuliko mapenzi yake kwa mtu fulani.

Timu za futiboli ya Kimarekani hutofautiana sana katika namna ya kushambulia. Kuna zinazobeba mpira na kukimbia nao karibu kila mara, zikiwa na wachezaji watatu waliojipanga nyuma ya mrusha pasi, yaani kwotabeki. Kuna zinazotawanya wapokeaji wanne au watano uwanja mzima na kurusha mpira kila wakati. Kocha anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hufuta kabisa baadhi ya nafasi. Kijana mnene na mwenye nguvu ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia moja kwa moja katikati ya msongamano anaweza kukuta kwamba nafasi hiyo haipo katika kitabu kipya cha mipango ya mchezo, na akahamishiwa upande wa ulinzi, ambako anaanza upya.

Tazama kwa karibu kinachobadilika kwa mchezaji wa mstari wa mbele. Katika timu ya kukimbia alizoea kuinama, vidole vya mkono mmoja vikigusa nyasi, uzito wake wote ukiwa mbele, na mpira ukianzishwa hulipuka kumsukuma mtu aliye mbele yake. Katika timu ya kurusha anaambiwa aondoe mkono chini, akae kama mtu anayetaka kuketi kwenye kiti kifupi, arudi nyuma kwa hatua fupi za upande na kumzuia mtu anayemjia kwa kasi ili mrusha pasi apate muda. Ni misuli ileile lakini ni mazoea mengine kabisa, na mazoea ya miaka miwili hayabadiliki katika wiki tatu za Agosti.

Kisha kuna lugha. Kila kocha huja na majina yake. Mkimbio wa mpokeaji anayekwenda mbele kisha akakata kuelekea katikati ya uwanja huitwa kwa tarakimu katika shule moja, na kwa neno la siri katika nyingine. Wachezaji hufunga mkononi kitambaa chenye kadi ndogo iliyojaa safu za namba, kocha akiwa pembeni mwa uwanja hupaza sauti namba moja, na kila mmoja ana sekunde chache za kuisoma na kujua pa kwenda. Kijana aliyejifunza Kiingereza akiwa na miaka 12 amekwisha kujifunza mfumo mmoja wa namna hii kwa juhudi ambazo kocha mpya hazijui. Nimewaona wakikaa mezani nyumbani usiku, kadi zimetandazwa, mdogo wao akiwauliza namba moja baada ya nyingine. Mzazi anayetaka kusaidia na hajui chochote kuhusu mchezo huu anaweza kufanya hilo hasa: aombe kadi na kumuuliza.

Wapigaji wa mpira kwa mguu ndio wasioathirika sana, na vijana wetu wengi waliotoka kwenye soka huanzia hapo. Mpira wa teke la uwanjani hupita katikati ya nguzo au haupiti, na kocha yeyote huona hivyo.

Kocha aliyeondoka ni mzuri sana. Je, tuhamie shule aliyokwenda?

Tafadhali msifanye hivyo kabla ya kusoma jibu hili lote, kwa sababu hapa ndipo familia zinapomwangusha kijana kwa nia njema.

Kanuni za UIL zinakataza mwanafunzi kubadilisha shule kwa ajili ya michezo. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kushiriki michezo katika shule moja kisha akahamia nyingine hujaziwa fomu ya ushiriki wa awali wa michezo kabla ya kuruhusiwa kucheza katika timu ya kwanza. Wazazi huitia saini, na shule aliyotoka huulizwa kama inaona kwamba uhamisho ulifanywa kwa sababu za michezo. Jambo linaloangaliwa ni pamoja na kama mwanafunzi amemfuata kocha wake. Shauri hilo husikilizwa na kamati ya wilaya ya mashindano, ambayo wajumbe wake hutoka katika shule za kundi hilohilo, yaani wapinzani wa shule mpya. Ikibainika kwamba uhamisho ulikuwa wa michezo, kijana hafai kucheza timu ya kwanza kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kwa kijana wa darasa la kumi na mbili, mwaka mmoja ndio wote uliobaki.

Kuhama makazi kikweli, familia nzima, kwa sababu ya kazi au nyumba ya bei nafuu, ni jambo linaloruhusiwa. Kuandikisha anwani ya shangazi huku familia ikiendelea kulala nyumba ya zamani ni udanganyifu wa makazi, na shule huchunguza bili za umeme, mikataba ya kupanga na hata kutuma mtu kubisha hodi. Familia iliyopitia ukimbizi ina sababu za ziada za kuepuka kuweka saini kwenye karatasi isiyo ya kweli.

Ipo pia hoja ya kibinadamu. Kocha aliyehama mara moja anaweza kuhama tena.

Kocha mpya anaruhusiwa kuanza mazoezi lini?

Mazoezi rasmi huanza mwanzoni mwa Agosti. Shule za 5A na 6A zinaweza kuchagua kufanya mazoezi ya majira ya kuchipua, ambayo ni siku 18 ndani ya siku 34 mfululizo, na zikifanya hivyo huanza mazoezi ya Agosti wiki moja baadaye kuliko nyingine. Hapa ndipo tarehe ya kuajiriwa inapokuwa na uzito: kocha aliyeajiriwa Februari hupata siku hizo 18 za kufundisha mfumo wake, ilhali aliyeajiriwa mwishoni mwa Juni hukutana na timu kwa mara ya kwanza katika joto kali, mechi ya kwanza ikiwa imebaki wiki chache.

Haraka hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Agosti ya Texas huua, na kocha mpya anayetaka kuonyesha ukali wake, pamoja na vijana wanaotaka kumwonyesha kwamba wao ni wagumu, ni mchanganyiko wa hatari. Kanuni za UIL huweka siku tano za kuzoea: siku mbili za kwanza wachezaji huvaa helmeti tu, siku ya tatu na ya nne huongeza pedi za mabega, na siku ya tano ndipo huvaa vifaa vyote. Katika siku hizo hapatakiwi kufanyika zaidi ya zoezi moja kwa siku. Mchezaji anayejiunga kwa kuchelewa hapaswi kuruka hatua hizo. Naye huanzia siku yake ya kwanza. Muulize kocha, bila haya, kama kuna beseni la maji ya barafu karibu na uwanja na ni nani anayejua kulitumia. Kijana aliyezidiwa na joto, anayeanza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba, anatakiwa kupoozwa mwili papo hapo, kabla ya kusafirishwa.

Wakati wa masomo, mazoezi yaliyo nje ya saa za shule hayapaswi kuzidi saa nane kwa wiki kwa kila mchezo.

Je, mazoezi ya kiangazi ni ya lazima?

Hapana. Kwa mujibu wa UIL, mazoezi ya nguvu na ujuzi ya kiangazi ni ya hiari, na mwanafunzi hawezi kuadhibiwa kwa kutokuhudhuria. Ninajua kwamba vijana wengi wetu hufanya kazi wakati huo, au hulea wadogo zao mama akiwa zamu ya usiku kiwandani. Mweleze kocha mpya hali hiyo mapema na kwa heshima. Asipoambiwa, ataona tu jina lisilo na alama kwenye orodha ya mahudhurio na kuhukumu kwa hilo.

Karatasi tulizojaza kwa kocha wa zamani bado zinatumika?

Karatasi ni za shule wala si za kocha, kwa hiyo kwa kawaida zinatumika, ila hakikisheni. Uchunguzi wa daktari hutakiwa angalau kabla ya mwaka wa kwanza na wa tatu wa sekondari, na wilaya nyingi huutaka kila mwaka. Fomu za kukiri kwamba mmeelezwa kuhusu mtikisiko wa ubongo na kusimama kwa ghafla kwa moyo hutiwa saini kila mwaka. Sheria ya Texas ya mwaka 2011 kuhusu mtikisiko wa ubongo humtaka kijana aliyeshukiwa kuumia kichwa atolewe mchezoni na asirudi hadi daktari atoe idhini kwa maandishi na mzazi atie saini ya kukubali. Kocha mpya hana mamlaka ya kulifupisha hilo.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Mchezaji anatakiwa awe hajafikisha miaka 19 tarehe 1 Septemba kabla ya mashindano, na haki yake ya kucheza hudumu kwa miaka minne mfululizo tangu aingie darasa la tisa. Wakimbizi wengi waliandikwa kambini kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu cheti halisi hakikuwepo. Kocha wa zamani pengine aliujua mkanganyiko huo. Kocha mpya haujui, na ni bora asiukute kwa mara ya kwanza wakati shule pinzani imelalamika.

Kocha mpya anaweza kumsamehe mwanangu aliyefeli somo?

Hawezi. Tangu 1984 sheria ya Texas humzuia mwanafunzi aliyepata chini ya 70 katika somo kushiriki mashindano, na sasa kipindi hicho ni angalau wiki tatu, hata awe hodari namna gani. Masomo machache ya kiwango cha juu yanaweza kusamehewa kwa utaratibu uliowekwa na wilaya, lakini kocha siye anayeamua.

Vyuo vilikuwa vinamtafuta kocha wa zamani kuhusu mwanangu. Sasa itakuwaje?

Hasara hii ni ya kweli. Kocha wa chuo anapotaka kujua tabia ya kijana humpigia simu kocha wa sekondari, na kocha mpya hana la kusema. Mwombeni anayeondoka, kabla hajafunga ofisi yake, aandike barua fupi ya maelezo, atoe orodha ya makocha wa vyuo waliouliza kuhusu kijana, na aeleze iwapo atakubali kuendelea kupokea simu zao. Wengi hukubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kijana aliyefika chuo ni sifa kwao pia. Hakikisheni kijana ana nakala yake mwenyewe ya video za mechi zake, iliyohifadhiwa mahali pasipotegemea akaunti ya timu.

Baada ya hapo nendeni kwa mshauri wa masomo wa shule. Anayetaka kucheza katika daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, lazima amalize masomo ya msingi 16 ya sekondari yanayotambuliwa na chama hicho, na orodha ya masomo hayo iko kwa mshauri. Nimesikia mara nyingi wazazi wakilia kwamba kocha kaondoka na ufadhili wa mtoto wao. Mara nyingi zaidi ufadhili hupotea kwa sababu ya somo la hisabati lililokosekana tangu darasa la tisa.

Tumwulize nini kocha mpya, na tutazungumza naye kwa lugha gani?

Shule nyingi huitisha mkutano wa wazazi katika ukumbi wa chakula mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Muulizeni ni nani atakayekuwa kocha wa nafasi ya kijana wenu na kama alikuwepo mwaka jana. Atatumia mfumo gani wa kushambulia na wa kujilinda. Atawapimaje wachezaji waliokuwa wakianza. Na mzazi mwenye jambo ampigie nani. Msimuulize dakika ngapi mtoto wenu atacheza. Swali hilo hufunga mlango kwa makocha karibu wote, na siku hiyo hata yeye mwenyewe hajui jibu.

Kuhusu lugha, shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Mnaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa mkutano wowote wa maana, bila malipo, na mwombe siku kadhaa kabla. Msimtumie kijana mwenyewe kutafsiri mazungumzo yanayomhusu. Atapunguza makali ya kocha ili asiwaudhi ninyi, na atapunguza maswali yenu ili asimuudhi kocha.

Mwiteni "Coach" na jina lake la ukoo. Kwa watu wa Texas hicho ni cheo cha heshima, kama sisi tunavyomwita mtu mwalimu hata baada ya kustaafu.

Sisi hatuko Texas. Majibu haya yanatuhusu?

Kwa sehemu tu. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule na kanuni zake za uhamisho, umri na mazoezi. Katika majimbo mengi kocha halazimiki kuwa mwalimu au mwajiriwa wa muda wote, kwa hiyo anaweza kuondoka siku yoyote, na tarehe ile ya siku 45 haina maana huko. Ulizeni ofisi ya michezo ya shule yenu jina la chama cha jimbo lenu, kisha someni kanuni za uhamisho kabla ya kuhama nyumba.

Kocha aliyeondoka bado anamtumia mwanangu ujumbe. Kuna ubaya?

Salamu, pongezi na maneno ya kumtia moyo hayana ubaya. Akianza kuzungumzia shule yake mpya, nafasi iliyo wazi huko au nyumba zinazopangishwa karibu nayo, hapo anaingia katika ushawishi wa kuvuta wachezaji, ambao UIL inaukataza, na adhabu inaweza kumpata yeye, shule yake na kijana. Hifadhini ujumbe huo, msiujibu, na mwelezeni mkurugenzi wa michezo wa wilaya yenu.